Baiskeli ya Marehemu Machuki Ibaki Homa Bay

Frankline Onchiri Machuki,
Kwa Bi. Filister,
Homa Bay.

Jumapili, 12 Oktoba 2025.

Kwa Mzee Obare Onchiri,
Voi.

Mpendwa Baba Mkubwa,

Kwa heshima inayokustahili, ninakuandikia kukuomba utengue agizo lako kwamba baiskeli ya marehemu Baba irudishwe kwa Mama Awendo na kuuzwa kama chuma chakavu, nami ninunuliwe nyingine mpya. Hilo ndilo kusudi la barua hii. Nimelitanguliza ili usije ukadhani nimelificha nyuma ya salamu.

Salamu zenyewe ni nyingi na za kweli. U hali gani? Goti linaendeleaje? Mama aliniambia kwamba joto la Voi mwaka huu limewachosha hata wakata mkonge waliolizoea, na kwamba wewe bado unawasimamia kwa miguu yako mwenyewe shambani. Mungu azidi kukutia nguvu.

Mimi ni mzima. Masomo ya chuo yameanza vyema. Mtu wa miaka ishirini na tisa akikaa darasani na vijana wa miaka kumi na minane huitwa mzee kabla hajafungua kinywa, lakini nimezoea. Unakumbuka nilipokuwa nikiwaandikia wakulima wa miwa barua zao nje ya ofisi ya chifu, ulisema kwamba siku moja nitajiandikia ombi langu mwenyewe. Hili hapa.

Agizo lako lilinifikia Jumapili iliyopita kwa simu ya Mama. Alilirudia kama ulivyolitamka: Nchagwa, yule mnunuzi wa vyuma vikuukuu kutoka Kehancha, atapita Awendo Alhamisi ya tarehe ishirini na tatu, na aikute baiskeli uani. Nilimwuliza Mama yeye mwenyewe anaonaje. Akasema, "Usiniweke katikati, Onchiri. Wewe si ndiye mwenye kalamu? Mwandikie huyo mzee." Nami nimeona kwamba jambo zito namna hii halistahili kuamuliwa kwa simu ambayo salio lake huisha sentensi ikiwa nusu. Barua hii inasafiri kwa basi ili ikufikie mapema.

Sasa nieleze lililotokea, kwa kuwa umelisikia kwa mdomo mmoja tu.

Bi. Filister, ninayeishi kwake, ni mjane Mkatoliki anayekausha na kuuza samaki. Baba alimletea ndizi kwa miaka mingi, na kwa sababu hiyo alinipa chumba nilipokosa nafasi katika mabweni. Tulipatana kwamba kila alfajiri, kabla ya masomo, nimpelekee mzigo wake sokoni kwa baiskeli. Waendesha bodaboda hawapendi kubeba omena, wale dagaa wa ziwani, kwa maana harufu hushika kiti, na abiria anayefuata hulalamika. Keria ya Baba, ile iliyochomelewa na mafundi wa Awendo kwa chuma cha trela ya miwa, haina abiria wa kulalamika. Keria hiyo ndiyo kodi yangu, Baba Mkubwa. Ikiondoka, chumba nacho kinaondoka.

Jumanne, tarehe thelathini Septemba, alinifungia gunia kama kawaida. Sikuuliza lililomo. Wiki tatu mfululizo lilikuwa na omena, nikadhani ni omena. Hilo ndilo kosa langu, na ninalikiri bila kulipamba.

Sokoni nilimkuta dada Irine, karani wa kanisa letu la Awendo, aliyekuja Homa Bay kwa semina ya akina mama. Alikuwa akichagua nyanya. Alinisalimu kwa furaha, kisha akatazama nyuma yangu, na furaha ikamtoka.

"Onchiri, hizo ni sharubu za nani?"

Niligeuka. Kamba ilikuwa imelegea, na mumi wawili, wale kambare wasio na magamba ambao sisi Wasabato hatuli, walikuwa wakichungulia kwenye mdomo wa gunia.

"Ni mzigo wa mwenye nyumba, dada," nikasema.

"Juu ya baiskeli ya Mzee Machuki? Hii iliyobeba vitabu vya nyimbo?"

Mwenye nyanya akaingilia, "Mama, hao samaki bado hawajaokoka. Waache kwanza wafike kwa sufuria."

Dada Irine hakucheka. Nami sikucheka. Kufikia jioni, Voi nzima ilikuwa na habari. Simlaumu, alichokiona alikiona. Lakini hakukaa kuona kilichofuata.

Ulisema mambo mawili kwa Mama. La kwanza, kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu hapaswi kuonekana juu ya chuma cha kubebea ndizi, na kwamba utaninunulia baiskeli ya gia inayolingana na hadhi yangu. Ninakushukuru kwa ukarimu huo, na ninaukataa. Ili nisiukatae kwa ubishi mtupu, Jumatano iliyopita niliazima baiskeli ya namna hiyohiyo kutoka kwa Javan, mwanafunzi mwenzangu, ambaye tangu siku ya kwanza huniuliza, "Mzee, hii ni baiskeli ama ni trela?" Ya kwake ni nyepesi na ina rangi ya kupendeza. Keria haina. Tulilitundika gunia la omena kwenye usukani, nami nikaanza kuupanda mlima wa kwenda sokoni. Kabla sijafika juu usukani ulipinda kushoto, gunia likapasuka, na korongo wa Homa Bay wakapata kiamsha kinywa ambacho hawatakisahau. Bi. Filister alihesabu hasara yake mbele yangu kwa sauti. Javan alisimama akiwa ameshika kichwa. "Mzee," akaniambia, "wewe rudi tu kwa trela yako." Tangu siku hiyo hajanitania tena.

Na kuhusu hadhi: Baba Mkubwa, hadhi yangu sikupewa na chuo, na haiwezi kupunguzwa na keria. Niliingia mji huu nikiikanyaga baiskeli hiyo kutoka Awendo, nikapita Rongo na Rodi, sanduku likiwa nyuma, na malori ya miwa yakinipigia honi. Sikumwinamishia mtu uso siku hiyo. Sitaanza sasa.

La pili ndilo zito. Ulisema baiskeli imetiwa unajisi, na kwamba heri iyeyushwe kuliko kudhalilisha jina la ndugu yako. Hapa nafika kwenye jambo ambalo nilikuwa nimekusudia kulinyamazia. Agizo lako limenilazimisha kulisema.

Siku ileile ya Jumanne nilirudi nimekasirika. Nilimwambia Bi. Filister kwamba amenifedhehesha mbele ya kanisa langu na kwamba sitabeba tena gunia nisilolijua. Hakugombana nami. Aliendelea kugeuza omena wake juu ya nyavu, kisha akauliza, "Nyathina, mwanangu, lile kopo bado liko chini ya kiti?"

Unalijua kopo hilo. Ni lile dogo la majivu ambalo Baba alilifunga kwenye mfuko wa spana, chini ya kiti. Sote tulidhani ni la kusugulia mnyororo. Wewe mwenyewe ulimtania kwenye arusi ya binti yako Beverlyne kwamba watu wengine hubeba mafuta, ndugu yako hubeba jivu. Alicheka na hakujibu.

Bi. Filister alinijibu kwa niaba yake. "Kwani ulifikiri babako alikuwa ananiletea ndizi halafu anakaa tu? Kila Jumatatu, miaka sita, alinipelekea magunia sokoni. Omena, mumi, chochote. Alisema yeye hali, lakini mimi ninakula na nina watoto. Akimaliza, anaomba maji, anaosha keria na jivu lake, anafua koti. Halafu anakaa hapo kwa ukuta mpaka jua liingie ndipo aondoke. Mimi nilidhani anaogopa jua."

Baba Mkubwa, hakuwa akiogopa jua. Wewe ni mzee wa kanisa na unayajua Maandiko kunishinda. Unajua kwamba abebaye mzoga wa kilicho najisi hutakiwa kufua nguo zake na kungoja jioni, na unajua kwamba jioni ikifika, jambo hilo limekwisha. Baba alilijua vivyo hivyo. Hakumficha Mungu mzigo wake. Alitunyima sisi nafasi ya kuugombania tu.

Kwa hiyo, ukiiuza baiskeli kwa kosa la kubeba mumi, hujanihukumu mimi. Umemhukumu yeye, naye hayupo kujitetea. Ndiyo maana ninamtetea mimi, na sitaomba radhi kwa kufanya hivyo.

Bi. Filister, kwa wema wake, alijitolea kuwapeleka mumi kwa boda ili niepuke maneno. "Mungu wenu anakagua mizigo kuliko polisi wa barabarani," akasema. Nilikataa. Nimemwambia kwamba nitabeba omena na nitabeba mumi, ila sasa nauliza kwanza lililomo. Sabato baiskeli inapumzika nami ninaingia kanisani kwa miguu. Kopo nimelijaza upya kwa majivu ya jiko lake. Siku za mumi ninaosha keria, ninafua shati, na jioni hunikuta maktabani.

Ninajua hoja utakayoileta, nayo ni ya haki: kwamba ni wewe uliyeinunua. Ni kweli. Mwaka 1996, Baba alipowekewa mikono kwa utumishi wa kanisa, uliisukuma hadi mbele ya kanisa ukamkabidhi, na washiriki wakaimba. Mama angali anakumbuka shati ulilovaa. Lakini kitu kilichotolewa mbele ya mashahidi wote wale kilikuwa zawadi au kilikuwa azima? Kama kilikuwa zawadi, kilikuwa chake. Alipofariki kikawa cha Mama. Na Mama alinikabidhi pampu na funguo kwa mikono yake miwili. Kama kilikuwa azima, niandikie hivyo kwa mkono wako mwenyewe, si kwa simu ya Mama. Nikiipokea barua hiyo, nitaikanyaga baiskeli hadi Awendo na kumkabidhi Nchagwa mimi mwenyewe. Baiskeli mpya sitaipokea, nitatembea.

Nisalimie Mama Mkubwa Nyamusi, na umwambie kwamba blanketi alilonitumia ndilo ninalojifunika. Msalimie Beverlyne na mumewe na yule mtoto ambaye bado sijamwona. Mama anawasalimu nyote kutoka Awendo. Bi. Filister pia anakusalimu, ingawa hamjaonana. Anasema ndugu wa Machuki ni mgeni wake siku yoyote, na atakupikia omena, si kingine. Bwana alilinde goti lako na safari zako, na akurejeshe nyumbani Desemba ukiwa mzima.

Umekuwa baba kwangu tangu tulipomzika Baba, na sijawahi kukupinga. Leo ninakupinga kwa maandishi, nikiweka jina langu chini, ili ujue kwamba si utoto. Alhamisi ya tarehe ishirini na tatu haiko mbali. Naomba uamuzi wako kabla ya siku hiyo: baiskeli ibaki, au irudi?

Ni mimi mwanao, nikupendaye hata katika kukataa,

Frankline Onchiri Machuki