Marehemu Mke wa Mtunza Stoo

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na watoto. Magoti yako yanaendeleaje? Mimi mwili hauna neno baya na cherehani inakwenda, ila moyo hautulii, na wa kumwambia ni wewe tu.

Jambo lenyewe ni shemeji yako. Alianza kurudi kutoka kazini na vibakuli vya chakula vilivyofungwa vizuri kwa kitambaa. Nikimuuliza, anasema ni wenzake tu, watu wema. Dada, watu wema gani hao wa kumpikia mume wa mtu? Na asubuhi haharakishi tena. Yule aliyekuwa akinigombeza mlangoni kwamba namchelewesha, sasa anakunywa chai kwa mapozi. Dalili ya mvua ni mawingu, nikaanza kunusa mashati na kupekua mifuko. Sikupata hata unywele.

Basi nikafunika cherehani, nikaenda kazini kwake bila kumwambia. Mama wa mapokezi aliponiona alishika kifua. Akaniketisha, akaniletea maji, akaniambia kwa sauti ya chini, "Pole sana. Wewe na marehemu dada yako mnafanana kama shilingi kwa ya pili."

Nikamuuliza marehemu yupi. Akanionyesha picha kwenye ukuta wa stoo. Ni picha yangu mimi, ya siku ya harusi, na imevalishwa ua la plastiki.

Shemeji yako alipofika nyumbani nilimbana. Akasema siku moja alichelewa, na bosi wao, ambaye hajui Kiswahili, akataka sababu. Shemeji yako, kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, akaona anisingizie mimi, mke mchelewaji. Akasema "my late wife". Sote tulifundishwa kwamba "late" ni kuchelewa. Kumbe ukimbandika mkeo neno hilo, umeshamzika. Bosi alimpa mkono wa pole, na tangu hapo hakuna anayemuuliza kwa nini amechelewa.

Nilicheka, sikufichi. Kisha nikamuuliza, alipojua maana yake, mbona hakurekebisha? Akainamisha kichwa.

"Walikuwa wameshanihurumia, mke wangu. Nikaona aibu."

Nusu yangu inamwamini. Nusu nyingine inauliza ua lile liliwekwa na nani. Anasema ni mpishi wa kantini, halafu anabadilisha mazungumzo. Ameahidi kuwaambia ukweli, na kila jioni anasema kesho.

Sasa nikufungulie la moyoni. Juzi nilikwenda zahanati kwa kichefuchefu. Nesi aliniuliza tarehe zangu, akamgeukia mwenzake akasema kwa Kiingereza kwamba mimi ni "late". Nikadhani habari za kifo changu zimefika mpaka huko. Nesi akacheka, akanieleza kuwa ni siku zangu ndizo zilizochelewa. Wakanipima. Dada, nina mimba, baada ya miaka yote ile ya kusemwa na mawifi.

Shemeji yako hajui. Furaha imenijaa mpaka kooni, lakini sifumbui mdomo mpaka aende mbele ya bosi, mapokezi na huyo mpishi wake, anifufue kwa ulimi wake mwenyewe. Tumbo likianza kuonekana hajasema, nitafunga virago nije kujifungulia kwako. Sitaki mwanangu azaliwe na marehemu.

Wabusu watoto, uniombee, na unijibu upesi.

Ni mimi mdogo wako, niliye hai,
Kifungo