Koti Lenye Vumbi la Soya

Baba Kibonge,

Uji wa mtoto uko kwenye chupa ya chai. Nguo zangu za kazi za jana ziko kwenye beseni, nje. ~~Zifue.~~ Usiziguse, maana utambeba mtoto, nitafua mwenyewe.

Asubuhi Kibonge alinikimbilia nimkumbatie, nikamsukuma. Nilishavaa koti la kiwandani, na vumbi la soya lingemvimbisha macho tena. Alilia mpaka akalala. Akiamka, mwambie sikumkasirikia. Mwambie soya hiyo hiyo ndiyo tunaichachusha ili isimdhuru. Ndama wa kiwandani tunaowalisha soya iliyochachushwa hawaharishi tena. Chakula cha watu bado tunahangaika nacho.

Ndama wenyewe wananilamba koti hilo kutwa. Wangu wa kumzaa, nikimaliza kuoga, ameshalala.

Leo usimlaze mapema. Mwimbie, mfanyie vituko vyako. Nisubirini nioge.

Mama Kibonge