Nguzo Nene za Mwanaisha

Jumanne.

Nene mno, zile nguzo. Wiki nzima nimemwambia mwanafunzi wangu Mwanaisha azipunguze. Nyumba aliyoichora haina ghorofa, itahimili tetemeko kwa nusu ya zege lile. Leo nikakasirika, nikamuuliza sababu.

"Mwalimu, mdogo wangu akioa atajenga juu," akasema taratibu. "Na hatomuuliza mtu."

Ndivyo tujengavyo huku: mzazi huacha nondo zimechomoza darini, mtoto aje aendeleze. Nikampa alama zote.

Jioni nimeipima nguzo ya sebuleni kwetu. Unene wake haukutimia shubiri. Na mama kila siku ananihimiza nioe, nijenge juu.

Mama akaniona, akauliza naipapasia nini. Nikamwambia natoa utando wa buibui.