Kifungo cha Pili Kutoka Shingoni

Masjala, Chumba Na. 4,
Ghorofa ya Pili.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Kabla ya mengine niambie kikohozi cha shemeji kimeishia wapi, na kama mapacha wameacha kugombania kiti cha dirishani. Sisi huku tu wazima. Mama mguu unamsumbua asubuhi tu. Mjomba, baba yako, alipimwa sukari Alhamisi ikaonekana imetulia. Karatasi ya kipimo ninayo, ukitaka nitakutumia nakala.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yoyote ya nyumbani Mjomba huisikia hata akiwa bafuni. Tena nina jambo la kukiri, na nikisikia sauti yako nitababaika.

Ni ile safari ya mwezi uliopita. Jumatano Mjomba alitangaza kwamba Ijumaa anavuka mpaka kwenda kuliona daraja jipya, na kwamba mimi ndiye nitakayembebea mfuko wa dawa. Uliponipigia ulisema, "Usithubutu kumtoa baba yangu nchini kabla hujaweka chumba, na chumba chenyewe kiwe na friji." Nikatii. Niliweka chumba siku ileile, nikachapisha uthibitisho nakala tatu: moja kwenye faili, moja mfukoni, moja kwenye soksi. Mjomba aliniona nikiikunja ile ya soksi akasema, "Bwana Faili, ukipotea watakutambua kwa mguu."

Dada, kwenye saa tisa alasiri tulifika mahali palipoandikwa kwenye karatasi. Namba ilikuwa ileile, mtaa uleule. Lakini mlangoni pamechorwa jino kubwa jeupe, na ndani wamekaa watu wameshika mashavu. Daktari wa meno alitoka, akaitazama karatasi yangu, akashusha pumzi. "Wewe ni wa nne wiki hii. Nyumba ya wageni ilihama tangu mwaka jana, wakasahau kuwaambia walimwengu. Kitanda ninacho kimoja, lakini anayekilalia huondoka na jino pungufu."

Mjomba alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nikaufungua mfuko wa dawa. Barafu kwenye mfuko ilikwisha kuyeyuka tangu adhuhuri, jua lilikuwa linachoma hata kivulini, na muuguzi alinionya kwamba vile vichupa vitatu vya dawa yake ya sukari vikipata joto la namna ile havitakuwa na kazi tena. Ndipo simu yangu ikaita. Ulikuwa wewe, mara ya tatu. Sikupokea. Nilikuandikia ujumbe: "Tumefika salama. Chumba kizuri, friji ipo."

Huo ulikuwa uongo, Dada. Niliuandika nimesimama barabarani mbele ya lile jino. Unisamehe. Katika kazi yangu sijawahi kuandika neno nisilolihakikisha, na siku ya kwanza nilipofanya hivyo, nilikufanyia wewe.

Nikamwambia Mjomba turudi mpakani. Yeye alikuwa amechutama, anapekua begi lake. Akatoa shati lake jeupe, lile la safari. Kifungo cha pili kutoka shingoni hakikuwepo.

"Twende tukatafute fundi cherehani," akasema.

"Mjomba, huu ni wakati wa kushona kifungo?"

"Ndio wakati wake hasa."

Fundi tulimpata kwenye baraza, mwanamke wa makamo mwenye tepu shingoni, amezungukwa na marundo mawili ya mashuka. Mjomba akampa shati, akaketi kwenye benchi kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Fundi akanitazama nilivyokumbatia mfuko na karatasi. "Na huyu, mzee, ni wakili wako?"

"Mpwa wangu. Ni karani. Ukipiga chafya atakuomba sahihi."

Walicheka wote wawili. Kisha Mjomba akauliza, kama kwa kupitisha muda, mashuka yale ni ya nani. Fundi akaelekeza sindano kwenye rundo jipya. "Hayo ya nyumba ya wageni ya kituoni. Huniagiza shuka moja kwa kila kitanda. Sasa wewe fikiri, siku shuka ikiwa kwenye kamba, mgeni analalia nini?" Akageukia rundo la pili, kuukuu. "Haya ya mama mmoja anayelaza wageni nyuma ya ghala la mbao. Huyafua kila kukicha mpaka yanachakaa katikati, halafu ananiletea niyakate, kingo nizigeuze ziwe katikati, yaendelee. Mama yule hana dogo."

"Na maji ya baridi anauza?" Mjomba akauliza.

"Ana friji nzima ya soda."

Sikuamini masikio yangu. Mimi nilisoma maoni ya wageni arobaini na wawili kwenye simu, na hakuna hata mmoja aliyejua mambo ya mashuka. Fundi aliponipa shati nilishike wakati anatafuta uzi unaofanana, nikaona ndani, mahali pale pa kifungo, vijinyuzi vya rangi nyingi: vyeupe, vya kijivu, vya buluu, kimoja cha kijani. Kila rangi ilikuwa mji. Na ule uzi wa juu haukukatika wenyewe. Ulikuwa umekatwa kwa mkasi. Dada, miaka thelathini ya kuendesha malori, na hatukuwahi kujua baba yako alikuwa anapataje pa kulala.

Nilipomuuliza njiani, alisema tu, "Ukiuliza chumba barabarani, mtu anakujibu huku anaenda zake. Ukimpa kazi, anakaa nawe. Akikaa nawe anakuona ulivyo, anajua akupeleke wapi."

Kabla ya saa kumi na moja dawa ilikuwa kwenye friji. Mama mwenye nyumba alitoa chupa tatu za soda kuipisha, akaniona ninavyohangaika, akanipa kalamu. Nikaandika: "Dawa ya mzee. Si ya kuuza." Tangu dakika hiyo ujumbe wangu kwako ukawa wa kweli, ingawa ulitangulia kwa karibu saa mbili.

Kesho yake tukaenda darajani. Ni refu hivi kwamba watu wa ng'ambo walionekana kama nukta. Mjomba akalivuka kwa miguu, nami nikahesabu muda, unanijua. Dakika ishirini na moja. Alipofika ng'ambo akavua kofia, akageuka akatazama maji chini. Akasema, "Hapa nilingoja kivuko siku kumi na moja, lori limejaa saruji. Dada yako akazaliwa sipo." Ni wewe huyo, Dada. Akavaa kofia, nami nikamshika mkono tukaanza kurudi.

Wiki iliyopita uliniuliza, je, safari nyingine pia nitaweka chumba mapema? Mimi nitaweka daima, Dada. Nitaweka, na siku ya kuondoka nitapiga simu kuhakikisha kwamba nyumba bado ni nyumba. Lakini nitabeba na shati.

Sasa lile kubwa. Mjomba ameniambia niombe likizo kuanzia tarehe ishirini na nne, hasemi kwa nini. Nilipokuwa napanga makaratasi yake nikakuta hati yake ya kusafiria ina viza ya huko kwako. Juzi ameniuliza baridi ya huko ikoje. Na jana asubuhi nimemkuta kibarazani amevaa miwani, ameshika mkasi, shati liko magotini.

Anataka kukushtukiza, kwa hiyo ukimwona jifanye umeshangaa. Mimi siwezi kusafiri hivihivi, ndiyo maana naweka nafasi kwa barua hii. Friji yako, rafu ya katikati, isiwe karibu na barafu. Vichupa vitatu.

Nisalimie shemeji, mama mkwe wako, na mapacha. Mama anakukumbuka kila anapofua. Mungu awafunike nyote mpaka tutakapobisha hodi.

Ni mimi mdogo wako, mwoga lakini nikupendaye sana,
Bwana Faili

Nakala ya barua hii ninayo.