Glavu Iliyokusaliti

Mtaa wa Kanisa,
Tull's Landing, Arkansas.
9 Juni 2019.

Mpendwa mwanangu Thaddeus,

"Aliyerudishwa ligi ndogo ya besiboli hapandi tena. Mwacheni aje afanye kazi." Hayo ni maneno ya baba yako, aliyatoa kwa kinyozi Lubin na watu wakatikisa vichwa kukubali. Si kweli, na nitakuonyesha kwa nini. Lakini kwanza, hujambo? Kiwiko kinaendeleaje? Unakula chakula cha maana, au bado ni mikate ya vituo vya mafuta? Sisi tu wazima. Bibi yako Earline magoti yanamsumbua, ila sauti haijapungua hata kidogo. Mvua imetuhurumia na mpunga umeshika rangi.

Ujumbe uliompelekea bibi umenifikia. Unasema mechi ya Jumapili ijayo ndiyo ya mwisho, kisha unakuja kukaa ofisini kwenye kinu cha mpunga, ambako baba yako amekwisha kukuwekea meza. Mimi ni shangazi yako, si bosi wako. Hata hivyo nakataa.

Watu wanazungumza kana kwamba ligi kuu ilikuokota njiani. Wamesahau kwamba ulitoka chuo kidogo cha kanisa, ambako ng'ombe hula majani nyuma ya ua wa uwanja. Siku timu zilipochagua vijana wa vyuo, tulikaa sebuleni majina yakisomwa hadi Lubin akasinzia kitini, ndipo likaja lako. Ukazunguka na mabasi ya ligi ndogo mwaka baada ya mwaka, ukilala na wenzako juu ya magodoro ya kujaza upepo. Mwezi uliopita ukaitwa ligi kuu. Ukarusha siku moja, wapigaji wakaipiga mipira yako ikapita juu ya ukuta wa uwanja, ukarudishwa. Katika gazeti ninaloandikia nimepigana miaka yote na watu wanaohukumu maisha ya mtu kwa siku moja. Sitanyamaza eti kwa sababu safari hii mmoja wao ni kaka yangu.

Basi nilichukua picha za video za mechi ile nikazipeleka kwa Lubin, nikaziweka kwenye televisheni yake baba yako akiwa kitini ananyolewa.

"Itazameni glavu yake," nikawaambia.

Ukitaka kurusha mpira wa kasi, glavu imetulia. Ukitaka wa polepole, unachimba ndani yake kwa vidole kutafuta namna ya kuushika, na glavu inapanuka kama mdomo wa samaki aliyetolewa majini. Huko ligi ndogo hakuna aliyejali. Wapigaji wa ligi kuu waliona, wakajua ni mpira upi unakuja, wakausubiri.

Lubin akazima mashine ya kunyolea. "Roscoe, mwanao anawatangazia watu."

"Makocha wake hawana macho?" baba yako akauliza.

"Walimwambia akabisha," nikamjibu. "Mimi mwenyewe aliniambia kwa simu, 'Baba ndiye aliyenifundisha kushika hivi, sibadilishi.'"

Baba yako akalivuta shuka la kinyozi shingoni. "Nilimfundisha nyuma ya ghala," akasema. "Vidole vyake vilikuwa vifupi. Ilibidi achimbe."

"Vidole vimekua, bwana," Lubin akamwambia. "Wewe ndiye bado unamnunulia viatu vya darasa la tatu."

Watu wakacheka. Baba yako hakucheka. Akaomba mpira ulio juu ya rafu ya Lubin, akautia ndani ya kofia yake badala ya glavu.

"Aanze na mshiko wa polepole kila mara," akasema, "hata kabla mdakaji hajampa ishara ya mpira wa kurusha. Akiambiwa wa kasi, vidole viwili vinateleza tu. Hakuna wa kuona kitu." Akarudia, na kofia haikutikisika. Kisha akanipa mpira bila kunitazama. "Mwambie wewe, Verlene. Mimi nilikwisha kumwambia vibaya."

Umesikia? Yule yule aliyesema hupandi tena amekuonyesha pa kukanyaga. Kumheshimu baba si kushikilia alichokufundisha ulipokuwa mtoto, wakati mwenyewe amekwisha kukiacha. Meza hajaiondoa bado, unamjua alivyo mkaidi. Nakala ya barua hii naipeleka kinuni, kwa hiyo Roscoe, ukifika hapa, mpe mtu mwingine meza hiyo.

Bibi anakusalimu na anakuombea kwa jina kila asubuhi. Lubin anakusalimu pia. Anasema nywele ulizoonekana nazo kwenye televisheni zimemharibia biashara. Mungu akulindie bega, kiwiko na moyo.

Na sasa wewe, Thaddeus. Usije. Ukiipata barua hii, nenda kwa kocha kabla ya mazoezi, mwambie ulikosea kumbishia, kisha simama mbele yake urushe, na usiondoke hapo mpaka akiri kwamba hawezi tena kujua ni mpira gani unakuja.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye hata ukinikasirikia,

Verlene