Korongo Lile Si la Asili

Mpwa wangu mpenzi,

Bahasha yako imefika, na ramani nimeibandika ukutani, pale ilipokuwa kalenda. Asante kwa kuligeuza shamba letu kuwa bustani ya sanamu, na zaidi kwa kurudisha udongo na miti kabla ya kuleta sanamu hata moja.

Jambo moja tu. Pale chini umeandika, "Korongo la asili, liachwe lilivyo." Mwanangu, si la asili. Nililianzisha mimi kwa jembe la ng'ombe, msimu wa mwisho kabla hatujahamishwa. Nilikuwa na haraka, nikalima kufuata mteremko. Babu yako akaniuliza, "We bwana, unalima au unayachongea maji barabara?" Mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Mvua ilipokuja ikapita humo humo, na sisi hatukuwepo kuizuia.

Miaka arobaini nimewalaumu waliotuhamisha kwa kila kitu, hata kwa shimo hilo.

Basi usilipambe. Liwekee vizuizi vya mawe, upande nyasi kukatisha mteremko, kama alivyotaka mzee. Nashukuru umenipa nafasi ya kumjibu: ndiyo, baba, niliyachongea barabara. Mjukuu wako anaifunga.

Mjomba wako,
yule mkulima wa haraka