Kwa Baba Joram Obiero, Aliyeuliza Malaika ni Wangapi

Baba, mwaka umetimia tangu alfajiri ya tarehe kumi na tisa Machi, 1995, ulipotuacha nyumbani kwako Seme. Tuliposhauriana nani aandike kumbukumbu hii ya gazetini, mwanao Elkana alisema hawezi kumaliza mistari miwili bila kutoka nje. Mama Dorca, mkeo, akasema, "Mpatieni Nyar Kano. Yeye ndiye alikuwa anabishana na yeye." Kwa hivyo ni mimi, Perpetua Aoko, mke wa Elkana, uliyeniita Nyar Kano, binti wa Kano, tangu siku nilipoolewa kwako.

Naandika kwa niaba ya nyumba yote. Lakini lipo jambo moja nitakaloliandika kwa niaba yangu peke yangu. Mwaka mzima tumeulizana ni nani aliyekuambia kwamba hutapona. Mama alikuwa ametukataza kukuambia. Anaamini ni Apiyo, binti yako, ndiye aliyesema, na kwa sababu hiyo Apiyo hajala mezani petu tangu tulipokuzika. Hapo nitafika. Kwanza niwaambie wanaosoma wewe ulikuwa mtu gani.

Ulikuwa msoma mita. Kwa miaka ishirini na mitatu ulizisoma mita za maji za mji wa Kisumu, kuanzia Milimani kwenye mbwa wakali hadi Ondiek tulikoishi. Ukishaandika namba zako, ulikuwa ukifunga kitabu cha kazi, ukavua kofia, ukauliza swali la Biblia. Nani alisinzia Paulo akihubiri, akaanguka kutoka dirishani? Mfalme gani alilala kwenye kitanda cha chuma? Aliyekosa hukumwambia amekosa. Ulisema, "Enda utafute, nitapita mwezi ujao," na mwezi ujao ulipita kweli, na swali lilikuwa lile lile. Wako watu walioamini kwamba ukishindwa na swali la Mzee Obiero unakatiwa maji. Hukuwahi kuwasahihisha.

Kule Obunga kulikuwa na kibanda cha maji cha Mama Nabututu, ambaye hakujua kusoma. Wewe ulimsomea Kitabu cha Ruthu, aya nne kila mwezi, huku wanawake wamepanga mitungi yao wakisubiri. Mlichukua karibu miaka miwili kukimaliza. Siku ya mazishi yako alisimama mbele ya watu wote akaisema sura ya kwanza yote bila kitabu, na hakukosea hata jina moja.

Ulipostaafu kwa ugonjwa walileta msoma mita mwingine. Mwezi wa kwanza baada ya mazishi alifika kwetu, akasoma, akaandika, akaenda zake. Wanangu walikuwa wamesimama kwenye geti na majibu yao tayari. Walibaki pale kwa muda, kisha wakaingia ndani wakasema yule mzee mpya hajui kazi.

Mimi nilikujua kwanza kama adui. Ilikuwa Agosti 1984, kwenye mashindano ya Biblia ya vijana wa makanisa ya mjini. Makanisa hayakuaminiana hata kidogo, kwa hivyo aliyeshika saa alikuwa Hassan, fundi saa wa Kaloleni, Mwislamu, maana yeye hakuna aliyeweza kusema anapendelea. Jaji ulikuwa wewe. Nilikuwa na miaka kumi na saba, upande wa Wakatoliki. Tulikuwa tumelingana alama na nyinyi Waanglikana, na limebaki swali moja tu: taja malaika wote waliotajwa kwa jina katika Biblia.

Niligonga kengele kabla hujafunga mdomo. "Mikaeli, Gabrieli na Rafaeli."

Uliangalia karatasi yako. "Umeongeza mmoja. Ni wawili."

"Rafaeli yuko, Mwalimu. Yuko kwa Tobiti."

"Tobiti ni nani?"

Ukumbi ulicheka, wengine wakinicheka mimi, wengine wewe. Biblia yako ulikuwa umeisoma yote mara kumi na moja na hukuwahi kukutana na kitabu cha Tobiti, kwa sababu kwenye Biblia zenu hakimo. Katekista wetu alisimama juu ya kiti na Biblia yetu mkononi, kidole kikiwa kwenye ukurasa. Ukasema kitakachoamua ni kitabu kilichoko mezani, na kilichokuwa mezani ni chako. Kombe likaenda kwenu, na aliyelipokea ni kijana mrefu mwenye masikio makubwa, ambaye sasa ni baba wa watoto wangu. Nililia mbele za watu. Hassan alikuwa anafunga saa yake kwenye kitambaa, akaniambia polepole, "Usilie, mwanangu. Sisi tunawajua wanne wakubwa, na unaona nimenyamaza."

Miaka minne baadaye Elkana akanioa. Kwetu mkaza mwana hakai akapiga soga na baba mkwe wake. Nilikuwekea chakula, nikakunawisha mikono, nikarudi jikoni, na wewe ulikula ukiangalia ukuta kwa heshima. Nilidhani tutaishi hivyo mpaka mwisho. Jioni ya tatu ukaita kutoka kitini: "Nyar Kano. Malaika wangapi wametajwa kwa jina?"

Nikajibu kutoka jikoni, sufuria mkononi: "Watatu, Baba."

"Wawili."

Mama Dorca alicheka hadi akakaa chini. Tangu siku hiyo hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu, mimi na wewe. Miaka saba. Ulikuwa ukitoka kazini umechoka, nasikia baiskeli inaegemezwa ukutani, na najua swali linakuja. Kuna jioni nilijibu kabla hujauliza, ukakasirika, ukasema nimevunja sheria za mashindano.

Mwaka wa 1989 mimba yangu ya kwanza ilipoharibika, watu walikuja na maneno mengi. Wewe ulisimama mlangoni na kofia mkononi. Ulisimama kwa muda mrefu. Mwishowe ukauliza, "Nyar Kano, malaika wangapi?" Nikasema watatu, nikilia. Ukasema wawili, ukavaa kofia yako. Kati ya wote waliokuja kunipa pole, ni wewe peke yako ninayekumbuka ulisema nini.

Halafu 1992 nikakupata. Nilikuwa nikisoma Ufunuo, kwenye Biblia yako wewe, sura ya tisa, nikakuta malaika wa kuzimu, jina lake Abadoni, limeandikwa wazi. Nilikuja nayo mpaka karibu na kiti chako, kitu ambacho sikuwahi kufanya. "Baba, hata kwenu ni watatu. Kwetu sasa wamefika wanne." Ulivaa miwani ukasoma. Ukanyamaza siku mbili nzima, na Mama akaanza kuwa na wasiwasi. Siku ya tatu ukatoa hukumu: "Huyo ni mfalme wa nzige. Hatumhesabu."

Hukuwahi kunipa alama zile. Wala sikuwahi kukupa jibu lako. Elkana alikuwa akisema mimi na wewe ni vichwa vigumu viwili vilivyokutana, na labda ni kweli.

Februari ya mwaka jana ukalazwa hospitali kuu, ile tunayoiita Rashia. Daktari aliwaita Mama na watoto pembeni, nami nilikuwepo. Alisema ini limekwisha, zimebaki wiki chache. Kwenye veranda ya wodi Mama alitukusanya, akasema, "Asiambiwe. Akijua atafunga kitabu alale. Mimi namjua huyu." Kitandani ulikuwa unaandika maswali ya mashindano ya Agosti, nyuma ya fomu kuukuu za maji. Tulikubali wote. Apiyo alikubali pia, ingawa kila alipokuona machozi yalimtoka.

Jumanne tarehe saba Machi nilikuletea uji peke yangu. Shuka lilikuwa limetelemka nikaona kifua chako kilivyokwisha, nikajisemea huyu si Baba. Nikakuinua, nikakuwekea mto. Ulipumzika kidogo, ukaniuliza kwa sauti ndogo ya mchezo wetu, "Nyar Kano, malaika wangapi wametajwa kwa jina?"

Nikakuonea huruma. Nikaona, kwa mara moja tu, acha nikupe. Niliona ni zawadi.

"Wawili, Baba," nikasema. "Ni wawili."

Nilingoja ucheke. Hukucheka. Uliniangalia usoni kwa muda, wewe ambaye siku zote ulikuwa ukiniangalia pembeni kwa heshima, kisha ukasema, "Kumbe daktari ameongea na nyinyi."

"Hapana, Baba."

"Nyar Kano, ni miaka kumi na moja. Hujawahi kunipatia hata siku moja."

Ukaomba kikombe, ukanywa uji wote, ukanirudishia na kusema asante. Kesho yake ulimwambia Mama, "Nipelekeni Seme." Hapo Mama akajua kwamba umeambiwa.

Ijumaa tulikupeleka. Ulikaa siku tisa nyumbani, kiti chako nje, miguu juani, ukiangalia ziwa na ng'ombe wakishuka kunywa maji. Wajukuu walikuzunguka wakisubiri, na hukuuliza swali. Siku zote tisa hukumuuliza mtu yeyote swali lolote.

Mama alitushika mmoja mmoja. Apiyo alisema, "Si mimi, Mama." Lakini Mama alikuwa amemwona akilia kando ya kitanda chako jioni ya Jumatatu, na kwake hiyo ilitosha. Kesho yake baada ya mazishi, shangazi zake wote wakiwepo, Mama alimwambia kwamba amemfupishia babake siku. Alisema na mengine, sitayaandika. Apiyo alichukua mkoba wake akarudi Kisian anakouzia chai na chapati, kando ya barabara ya Busia. Nilikuwa nyuma ya ukuta naosha sufuria za matanga. Nilisikia kila neno. Sikutoka.

Tangu siku hiyo, kila tunapokwenda Seme kuangalia kaburi lako, gari likikaribia Kisian, Mama anageuka kuangalia upande wa ziwa mpaka tupite. Nami huwa nimekaa kando yake, nimenyamaza.

Kwa hivyo naandika jambo hilo hapa, ambapo haliwezi kufutwa. Mama, si Apiyo. Ni mimi. Baba nilimwambia mimi, kwa kumpa jibu alilokuwa akilitaka miaka yote. Apiyo, uliubeba mzigo wangu mwaka mzima na hukunitaja, na labda hukujua hata wa kumtaja. Nisamehe.

Na wewe, Baba, sijui kama nilikupokonya siku zako au nilikupa siku tisa za nyumbani kwako. Nimelala na swali hilo na kuamka nalo, na wa kuniambia niende nikatafute jibu hayupo. Natamani nikusikie tena. Jioni nikisikia baiskeli ya mtu ikiegemezwa ukutani, mkono wangu unasimama juu ya sufuria. Ningefurahi uniambie nimekosa. Ningefurahi uniambie hivyo kila siku iliyobaki ya maisha yangu.

Jumapili iliyopita, kabla ya kupeleka maandishi haya, niliwasomea wa nyumbani. Nilipofika mahali pa uji nilitaka kuruka, nikajilazimisha. Elkana aliinamisha kichwa. Mama Dorca alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua hata baada ya mimi kumaliza, na nilidhani hatanisemesha tena.

Kisha akasema, "Miaka sita nilimnyima sukari, sababu ya ule ugonjwa wake wa sukari. Alikuwa anaomba, namnyima. Wiki ile ya Rashia nilimwekea vijiko vitatu kwa chai."

Akaokota kijiwe kwenye mchele, akakitupa.

"Alionja," akasema Mama. "Akaniangalia vile alikuangalia wewe. Akasema, 'Asante, Dorca.' Basi."

Aliweka ungo chini, akauliza viatu vyake vya kanisa viko wapi. Elkana akasema asubiri, atamtafutia gari na kumsindikiza. Mama akakataa. "Nyinyi kaeni. Apiyo akiona watu wengi atafikiri tumekuja na maneno." Akajifunga leso, na alipofika mlangoni akanigeukia. "Hiyo barua iende vile iko, Nyar Kano. Lakini kwa majina, anza na Apiyo."

Wanaokukumbuka ni binti yako Apiyo wa Kisian. Pacha wake Odongo. Mwanao Elkana na mimi mkewe. Wajukuu zako watano, ambao wameanza kuulizana maswali wao kwa wao. Rafiki yako Hassan wa Kaloleni. Na mkeo Dorca, ambaye jana alituma neno kutoka Kisian kwamba tumpelekee nguo za kubadilisha, kwa sababu wiki hii harudi.

Hutatutoka mioyoni, Baba. Tutakukumbuka siku zote tutakazojaliwa.